Gurudumu na Nafasi Yake

Macho ya mtu huona upesi kitu kilichopo, lakini hukawia kuona kazi ya nafasi iliyoachwa. Mpita njia hulisifu shamba la mahindi kwa wingi wa mashina, asiisifu hatua iliyoachwa baina ya shina na shina, ingawa hatua hiyo ndiyo iliyoyanenepesha mahindi. Msikilizaji humsifu mwimbaji kwa sauti yake, asivikumbuke vituo alivyovuta pumzi, ingawa bila ya vituo hivyo sauti ingalikatika katikati ya ubeti. Nafasi haina rangi wala haing'ai. Kwa hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni upungufu, na mtu mwenye haraka hutaka kuuziba.

Katika motokaa iko nafasi ya namna hiyo. Ni ile iliyo baina ya mgongo wa tairi na ukingo wa madigadi. Upana wake katika gari dogo ni kama vidole vitatu au vinne. Haiuzwi dukani, wala haitajwi na mwuzaji anapoisifu bidhaa yake. Hata hivyo, siku mtu anapotaka kulivika gari lake magurudumu makubwa kuliko yale lililotoka nayo kiwandani, nafasi hiyo ndiyo huwa shauri la kwanza. Wako wasemao kwamba gurudumu kubwa bila ya kulishusha gari ni pambo lililoachwa nusu. Kwamba sharti springi zikatwe au zibadilishwe kwa fupi, gari likae chini, nafasi ipotee, ndipo umbo likamilike. Wako wengine wasemao kwamba gurudumu na libadilike, lakini springi ziachwe kama zilivyo. Shauri hili laonekana dogo, tena la vijana. Lakini ndani yake imo salama ya watu wanaopanda gari hilo.

Hukumu ya shauri hili haipatikani kwa kulitazama gari peke yake. Gurudumu ni jawabu, na barabara ndiyo swali. Tangu John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekuwa akikaa Belfast, alipopata hataza ya tairi la upepo katika mwaka wa 1888, kimo cha gurudumu kimekuwa kikipanda na kushuka kwa kufuata hali ya njia na haja ya watu. Ford Model T, iliyotolewa Marekani katika mwaka wa 1908, ilisimama juu ya matairi yenye kimo cha inchi 30, kwa maana njia za mashambani zilikuwa tope na mifereji, na gari fupi lingalilala tumbo. Katika mwaka wa 1959 Uingereza ilitoa Mini, motokaa iliyosanifiwa na Alec Issigonis, yenye ringi za inchi 10 tu. Msanifu alitaka nafasi ya abiria ndani ya gari dogo, na lami ya nchi yake ilimruhusu. Baadaye ringi zilikua tena: breki kubwa zilidai mahali pa kukaa ndani yake, na macho ya wanunuzi nayo yakadai haki yao.

Desturi ya kulishusha gari nayo ina nyumbani kwake. Ilikulia mahali penye lami njema: katika viwanja vya mashindano, ambako gari lililoinama huyumba kidogo linapokata kona kwa kasi; na katika miji ya California, ambako vijana wenye asili ya Meksiko, baada ya Vita Kuu ya Pili, waliyainamisha magari yao wakayaendesha polepole ili yatazamwe. Hapana ubaya katika desturi hiyo mahali ilipozaliwa. Lakini Afrika Mashariki ilikuwa na mashindano yake, yaliyoanza katika mwaka wa 1953 kwa njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Safari. Magari yaliyotayarishwa kwa Safari yalipata sifa kwa kunyanyuliwa juu na kuimarishwa chini. Gari la namna moja liliweza kuinamishwa kwa mashindano ya lami Ulaya, na ndugu yake akanyanyuliwa kwa mashindano ya udongo Afrika. Fundi hakuwa na maoni mawili. Njia zilikuwa mbili.

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari katika milima ya Usambara alijikuta katikati ya shauri hili. Anayetoka Mombo hupanda kwa lami yenye kona nyingi mpaka Lushoto. Baada ya hapo, kwa mwalimu huyu, ilibaki njia ya udongo mwekundu, ambayo wakati wa kiangazi ni vumbi na mawe, na wakati wa masika ni utelezi na mifereji. Alikuwa na gari dogo lililokwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Kijijini hapakuwa na gari jingine lililolala hapo usiku. Kwa sababu hiyo gari lake lilikuwa na cheo ambacho yeye hakukiomba: mchana lilikuwa mali yake, usiku lilikuwa mali ya kila mwenye mgonjwa.

Alipenda uzuri, na kupenda uzuri si kosa. Aliweka fedha kwa miezi mingi, akanunua ringi 4 za aluminiamu za inchi 17, zenye matairi yaliyoandikwa 225/45 R17, ziwe badala ya ringi zake za chuma za inchi 15 zenye matairi ya 195/65 R15. Alitumaini kwamba ringi kubwa zitaijaza madigadi. Zilipofungwa alisimama kando, akatazama, akaona jambo lililomshangaza: ringi zilikuwa zimekua, lakini nafasi ilikuwa ile ile. Rafiki zake walicheka. Mmoja alisema kwamba gari limevaa viatu vya harusi na suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Wakamshauri springi zikatwe mizunguko miwili, na gharama ya kazi hiyo, walisema, ni ndogo kuliko bei ya tairi moja.

Kicheko cha rafiki ni kitu kizito. Mtu aweza kuvumilia tusi la adui kwa mwaka mzima, asivumilie mzaha wa rafiki kwa juma moja. Siku ya Jumamosi mwalimu alilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee, tayari kwa kukatwa springi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Gari limepata viatu vipya?"

"Limepata, Mzee, lakini wenzangu wananicheka. Wasema nilishushe."

"Hao wanaocheka, hupanda gari hilo usiku mvua inaponyesha?"

"Hawapandi."

"Basi tuyaulize matairi kwanza. Hesabu yake imeandikwa ubavuni, na hesabu haijui mzaha."

Hesabu ya tairi ni nyepesi kwa kila aliyejifunza kuzidisha. Katika 195/65 R15, tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, yaani asilimia 65 ya upana huo. R ni alama ya namna nyuzi za tairi zilivyopangwa. Na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ubavu wa tairi hilo, basi, una kimo cha milimita 126.75. Ubavu uko juu ya ringi na uko chini yake, kwa hiyo huhesabiwa mara mbili. Ukijumlishwa na ringi ya milimita 381, kipenyo cha gurudumu zima hutoka milimita 634.5. Katika 225/45 R17 ubavu ni milimita 101.25, ringi ni milimita 431.8, na jumla ni milimita 634.3. Tofauti ya magurudumu hayo mawili haifiki hata nusu ya milimita.

Mwalimu alifahamu hapo kwa nini nafasi haikupungua. Ringi ilikua, lakini haikukua kwa kuichukua nafasi ya madigadi. Ilikua kwa kula ubavu wa tairi. Aliyelipa fedha alidhani ameongezewa kitu, kumbe amebadilishiwa: amepewa chuma, akatolewa mpira wenye upepo.

Mzee alimweleza kwamba gari lina akiba mbili za kupokea mapigo ya njia. Akiba ya kwanza ni ubavu wa tairi, ya pili ni mwendo wa springi. Tairi hupokea kokoto, springi hupokea shimo. Ringi ya inchi 17 ilikuwa imekwisha kutoa milimita 25 na nusu katika akiba ya kwanza. Jiwe ambalo zamani lilibonyeza mpira na kupita, sasa lilikuwa karibu zaidi na ukingo wa ringi, na ringi ikipigwa hupinda au hupasuka. Mtu akiisha kutoa katika akiba ya kwanza, kisha akatoa na katika ya pili, hakulipamba gari. Amelipokonya mara mbili.

Tena springi iliyokatwa haibaki springi ile ile iliyofupishwa tu. Kila mzunguko unaoondolewa huiongezea ugumu ile inayobaki. Gari huketi chini, mwendo wa kupanda na kushuka hupungua, na shokapu, ambayo kazi yake ni kutuliza mruko wa springi, hulazimika kufanya kazi karibu na mwisho wake kila siku. Magurudumu hubadili mwinamo, matairi yakalika upande mmoja. Tena gari likinyanyuliwa kwa jeki, au gurudumu likining'inia juu ya mfereji, springi fupi yaweza kulegea katika kikalio chake na kurudi mahali pasipo pake. Haki isemwe pia: yako magari yaliyoshushwa kwa kipimo, kwa springi zilizotengenezwa kwa kusudi hilo pamoja na shokapu zake, na juu ya lami laini hukimbia vizuri. Lakini msumeno wa gereji si kipimo, na njia ya udongo si lami.

Baada ya kusikia hayo mwalimu aliuliza swali la pili, ambalo ni la watu wengi wa nchi zenye njia mbovu. Ikiwa kushusha ni hatari, je, si bora kuongeza kimo cha gurudumu zima, gari linyanyuke, nafasi ijazwe kwa mpira? Mzee alimpa hesabu nyingine. Tairi la 205/65 R16 lina kipenyo cha milimita 672.9. Lingeliongeza gurudumu milimita 38.4, na gari lingenyanyuka kwa nusu yake, yaani milimita 19.2. Faida hiyo si ndogo kwa mwenye kupita penye mawe, na wako waichaguao kwa haki. Lakini ina gharama zake. Kipimamwendo hakiioni barabara. Huhesabu mizunguko tu. Gurudumu la kwanza la mwalimu huzunguka takriban mara 500 katika kila kilomita. Gurudumu likikua kwa asilimia 6, mizunguko hupungua kwa kilomita ile ile, na kipimamwendo huanza kusema uongo bila ya kukusudia: kikionyesha 80, gari liko karibu na 85. Gia huwa nzito mlimani, breki hupata kazi kubwa zaidi kulisimamisha gari lile lile, na mgongo wa tairi hukaribia madigadi usukani unapokatwa mpaka mwisho. Mwenye kuchagua njia hiyo sharti ayajue hayo yote, asichague kwa macho peke yake.

Shauri lilimalizika kwa suluhu. Mwalimu alibadilishana na mtu mwingine, akatoa ringi za inchi 17 akapata za inchi 16, zenye matairi ya 205/55 R16. Ubavu wake ni milimita 112.75, na kipenyo cha gurudumu zima ni milimita 631.9, tofauti na gurudumu la zamani ni milimita 2.6 tu. Ringi zilionekana kubwa kuliko zile za chuma, na uzuri alioutaka aliupata kwa kiasi. Mzee hakuzifunga kabla ya kuzikagua. Alihesabu matundu ya nati, akapima duara lake, kwa maana ringi yenye matundu 5 juu ya duara la milimita 100 haiingii penye vifungo 5 vya duara la milimita 114.3, na mwenye kuilazimisha huweka roho za watu juu ya nati zilizokaa upande. Alitazama kama tundu la katikati limeshika sawasawa kitovu cha gurudumu. Alisoma tarakimu ya uzito iliyo ubavuni mwa tairi. Iliandikwa 91, maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 615, wala haikuwa chini ya ile ya tairi la zamani. Springi hakuzigusa.

Kisha alimwomba mwalimu chaki. Aliyapaka matairi chaki mabegani, akawapandisha gari watu 5, akaamuru liendeshwe polepole juu ya tuta, na usukani ukatwe mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto. Waliposhuka alichungulia ndani ya madigadi kwa kurunzi. Hapakuwa na alama nyeupe hata moja. Mzee akasema kwamba gari limefaulu mtihani, na mwalimu, aliyekuwa amezoea kutoa alama, siku hiyo alifurahi kuikosa.

Rafiki zake walipoliona gari walisema bado limesimama kama mtu aliyekunja suruali kuvuka mto. Hakuwajibu. Nyumba njema si mlango, nao walikuwa wakiitazama nyumba hii kwa nje tu.

Masika ilipoingia, usiku mmoja mlango wa mwalimu uligongwa. Mke wa jirani yake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alasiri, na mkunga wa kijiji alisema kwamba kazi hii imezidi mikono yake. Katika gari waliingia watu 5: mwalimu katika usukani, mume kando yake, na nyuma mgonjwa katikati ya mama mkwe wake na mkunga. Mvua ilikuwa ikinyesha. Gari lilikaa chini kwa uzito wa watu, kama ilivyo desturi ya gari lililojaa. Mahali ambapo kalvati ilikuwa imedidimia, maji yalikuwa yamejaa na shimo halikuonekana. Gurudumu la nyuma lilizama, likapanda, likatoka. Lilisikika pigo moja zito lenye sauti ya mpira. Mgonjwa aliguta mara moja, kisha akaendelea kuhema. Walifika hospitali kabla ya alfajiri. Mtoto alizaliwa hai, na mama yake akamshika.

Kulipokucha mwalimu alilioshea gari mtoni. Alipoingiza mkono ndani ya madigadi ya nyuma, vidole vyake viligusa tope lililoganda juu. Uso wa tope hilo ulikuwa laini, umesuguliwa na mgongo wa tairi kama ukuta uliopigwa lipu, na unene wake ulikuwa kidole kimoja. Basi katika nafasi ya vidole vinne, vitatu vilikuwa vimetumika usiku ule, na kimoja kilikuwa kimebaki. Kama springi zingalikatwa mizunguko miwili, sehemu kubwa ya nafasi hiyo ingalikwisha kutumika kabla gari halijaondoka kijijini. Penye kalvati ama tairi lingalisaga bati, ama springi ingalifika mwisho wake, na pigo lote la shimo likapita katika mwili wa mwanamke yule. Mwalimu alisimama ndani ya maji, mkono wake ukiwa bado juu ya tope, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa na kuosha gari.

Neno lenyewe la Kiswahili lina hekima. Nafasi ni uwazi, na nafasi ni wasaa, na nafasi ni bahati ya kutenda jambo. Watu wa kale hawakuona haja ya maneno matatu. Mtu anayetumia mshahara wake wote siku ya kwanza ya mwezi amelishusha gari lake. Mwalimu anayejaza kila dakika ya somo kwa sauti yake mwenyewe, asiache kituo cha swali la mwanafunzi, amelishusha gari lake. Mzazi anayetaka utii usio na hata kidole kimoja cha msamaha, naye hajui njia ya mtoto itakuwa na mashimo mangapi. Wote hao huonekana wamepangika vizuri maadamu njia ni laini.

Kwa hiyo anayetaka magurudumu makubwa na ayatafute, maana uzuri ni riziki ya macho, na macho nayo yana njaa yake. Ahesabu kipenyo kabla ya kulipa. Asiongeze chuma mpaka tairi likakosa ubavu. Akague matundu, uzito na kitovu. Ajaribu gari likiwa limejaa, si likiwa tupu. Lakini springi na aziache. Nafasi iliyo juu ya tairi si deni ambalo fundi wa kiwanda aliliacha bila ya kulilipa. Ni akiba iliyowekwa kwa ajili ya shimo ambalo halijaonekana, na ya abiria ambaye bado hajabisha hodi.